Picha ya Mnyama Ikosolewe Kuanzia Wapi? Mjadala wa Sauti Nne

Kijana akipiga picha nzuri ya simba, anaambiwa "kali sana". Akipiga mbovu, anaambiwa "kali sana" vilevile, maana hakuna anayetaka kumvunja moyo. Wapo na wengine ambao huitazama picha hiyohiyo, wakasema "hamna kitu hapa", wakageukia nyingine. Msifiaji na mkandiaji wanafanana kwa jambo moja: wote wawili wamemwacha mpiga picha palepale walipomkuta. Arusha, Karatu, Narok na Nairobi kumejaa vijana wanaobeba kamera kwenda porini, baadhi yao wakiwa waongoza watalii, na wanastahili zaidi ya hapo. Wanastahili kukosolewa vizuri.

Ubishi uko hapa: anayekosoa picha ya mnyama aanzie wapi? Ndani ya fremu, kwenye mwanga, fokasi na mpangilio? Au nje ya fremu, kwa mnyama mwenyewe na namna picha ilivyopatikana? Nimeupanga mjadala kwa sauti nne zinazosikika kila watu wa fani hii wanapokaa pamoja. Mkongwe alianza enzi za filamu na anaamini picha ijisemee yenyewe. Dereva ni muongoza watalii aliyezeekea Serengeti. Mhariri huchagua picha za kuchapishwa jaridani. Chipukizi ndiye mwenye picha iliyoko mezani.

Picha yenyewe ni hii. Duma jike ameketi juu ya kichuguu kando ya barabara, karibu na Seronera, katikati ya Serengeti. Watoto watatu wamejibana kifuani mwake; mkia wa yule wa kulia umekatwa na ukingo wa picha. Ni saa sita mchana. Kamera ilishikwa juu ya paa la gari lililofunuliwa, kwa hiyo tunamtazama duma kutoka juu kwenda chini. Nyuma yake hakuna anga, kuna nyasi na njia ya magari iliyopauka, inayopita sawasawa na shingo yake. Macho yako kivulini. Masikio yamelala nyuma, mdomo umeachama kidogo, na anaitazama kamera moja kwa moja. Kwenye kona ya juu kulia kuna doa jeupe. Ukilikuza, ni kipande cha kioo cha gari jingine. Nyasi zimekolezwa rangi hadi zikawa manjano ya bizari.

Ndani ya fremu

MKONGWE: Binti, kabla sijasema lolote, niambie. Ulipobonyeza, ulitaka tuone nini?

CHIPUKIZI: Nilitaka ionekane jinsi mama anavyolinda watoto, mzee. Wengi wameniambia picha ni kali, lakini hakuna aliyeniambia ukali wake uko wapi.

MKONGWE: Basi nimepata kipimo. Nisingekuuliza, ningeikosoa kwa kuilinganisha na picha ninayoitamani mimi, nawe ungeondoka hujui umekosea nini. Sasa nisikilize. Nitataja ninachokiona kwanza, ninachokipenda au kukichukia baadaye. Jicho langu linaanzia kwa watoto. Vichwa vitatu vimepangana kwa ngazi, kila kimoja kinaonekana, hakuna kinachomziba mwenzake. Hiyo ni bahati au ulingoja?

CHIPUKIZI: Nilingoja. Wa tatu alikuwa amegeuka.

MKONGWE: Endelea hivyohivyo. Usichukulie kuwa ni jambo dogo, kwa sababu ndilo lililoibeba picha hii. Kutoka kwa watoto jicho linapanda kwa mama, na hapo linakwama mara mbili. Kwanza, ile njia ya magari inamkata shingo. Pili, fokasi imekaa kwenye nyasi zilizo mbele ya kichuguu, na macho ya duma yamefifia. Picha ya mnyama inaweza kusamehewa mambo mengi, lakini jicho la mnyama lisipokuwa wazi, mtazamaji hana pa kushika. Tena picha imetikisika. Nimesoma taarifa za kamera: lenzi ya milimita 300, kasi ya shata 1/200. Wazee wetu walitufundisha kwamba ukishika kamera mkononi, kasi isipungue urefu wa lenzi. Lenzi ya 300 ianzie 1/300, na kwa mnyama asiyetulia panda hadi 1/1000 au zaidi. Mchana ule mwanga ulikuwa tele, kasi hiyo ungeipata bila taabu.

DEREVA: Injini ilikuwa imezimwa?

CHIPUKIZI: Hapana, kaka. Ilikuwa inawaka ili tusichelewe kusogea.

DEREVA: Basi hata 1/1000 isingekupa ukali wote. Dizeli ikiwaka, gari zima linatetemeka, na aliyesimama kwenye kiti kichwa kikiwa nje ya paa anatetemeka nalo. Zima injini, kaa kitini, weka mfuko wa maharage kwenye ukingo wa dirisha, uilaze lenzi juu yake. Mfuko unashonwa na fundi yeyote wa mtaani.

MKONGWE: Umeona, binti? Makosa hayalingani. Kuna makosa ya mezani: rangi uliyoikoleza unaweza kuipunguza leo hii, na kona ile yenye doa unaweza kuikata. Kuna makosa ya porini: kasi, pembe, mkia uliokatwa. Hayo hayarekebishiki kwenye kompyuta, unayabeba kama somo la safari ijayo. Halafu kuna mambo ambayo si makosa yako. Jua la saa sita hukulileta wewe. Mkosoaji anayevichanganya vitu hivi vitatu anamchosha mtu bure.

CHIPUKIZI: Sasa jua la saa sita nilifanyie nini? Mgeni niliyekuwa naye alilipia safari ya mchana.

MKONGWE: Lifanyie kazi yake. Mwanga wa saa moja asubuhi unaingia machoni mwa mnyama kutoka ubavuni na kuacha nukta ya nuru kwenye mboni. Wa saa sita unapiga utosini na kuchimba vivuli chini ya nyusi. Saa hiyo usitafute sura. Tafuta umbo: twiga chini ya mgunga, msafara wa pundamilia kwa mbali, tai angani. Au weka kamera chini upumzike, uangalie tabia za wanyama. Hilo nalo ni kazi.

Masikio

DEREVA: Mzee, nimekusikiliza kwa heshima. Umegusa shingo, fokasi, mkia, rangi na jua. Masikio hujayagusa.

MKONGWE: Masikio yana kasoro gani? Yanaonekana yote mawili.

DEREVA: Yanaonekana yakiwa yamelala. Paka wote, kuanzia yule wa jikoni hadi chui, akilaza masikio nyuma na kuachama huku anakukazia macho, anakwambia umefika mpaka wake. Binti alitaka kuonyesha mama anayelinda watoto, na kweli mama analinda. Anawalinda dhidi yetu. Ukimwambia binti arekebishe kasi tu, safari ijayo atapiga picha kali zaidi ya duma aliyeogopeshwa.

MKONGWE: Hilo ni suala la maadili, na mimi silidharau. Lakini tunakosoa picha. Tukianza kuhoji kila mtu aliegesha wapi, vikao vyetu vitageuka mahakama, na vijana wataacha kuleta picha zao. Picha inapotundikwa ukutani, mtazamaji hamwoni dereva, haoni barabara. Anaona fremu.

CHIPUKIZI: Hatukutoka barabarani, kaka. Naapa.

DEREVA: Najua, na sikulaumu. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti kutoka nje ya njia ni kosa, na mlifuata sheria. Lakini sheria haipimi masikio. Mlikuwa magari mangapi?

CHIPUKIZI: Tisa. Au kumi.

DEREVA: Hesabu hiyo ina maana yake. Watafiti waliofuatilia duma Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1980 waligundua kuwa kwenye zile nyanda za wazi takribani asilimia 5 tu ya watoto ndio wanaofika umri wa kujitegemea. Wengi huuawa na simba na fisi. Mama anaishi kwa kujificha na kuhamahama. Magari kumi yakimzunguka, anatangazwa kwa kila mwenye meno. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulikuta kwamba kwenye maeneo yenye watalii wengi, jike alifikisha kwenye kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Penye watalii wachache, 2.3. Kwa hiyo sizungumzii hisia zangu. Nazungumzia kama mwakani kutakuwa na duma wa kupigwa picha.

MKONGWE: Takwimu nimezikubali. Bado hujanionyesha kwa nini zikae kwenye uhakiki wa picha na si kwenye semina ya waongoza watalii.

DEREVA: Nitakuonyesha kwa kasoro zako mwenyewe, mzee. Umetaja pembe: tunamtazama duma kutoka juu. Kwa nini? Kwa sababu gari lilikuwa kama mita kumi na tano kutoka kwake, na binti alisimama kitini akatokeza juu ya paa ili aone juu ya gari la mbele. Umesema njia inamkata shingo. Ukimtazama kutoka juu, ardhi ndiyo inayokuwa mandhari ya nyuma badala ya anga. Umesema mkia umekatwa. Kwa lenzi ya 300 na umbali ule, familia nzima haienei. Umesema picha imetikisika. Injini iliwaka kwa kuwa magari yalikuwa yanagombea nafasi. Hata macho yale yanayoitazama kamera, badala ya kuwatazama watoto au nyika, yanatokana na ukaribu. Kasoro tano, na chanzo chake ni kimoja: gari lilisimama mahali pasipofaa.

Hapa Mkongwe alinyamaza, na kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa. Lakini hakuikubali mzimamzima, na alikuwa na sababu.

MKONGWE: Umeniweza kwa picha hii, lakini usiifanye kanuni. Nick Brandt, Mwingereza aliyepata jina kwa picha za Amboseli, Kenya, aliwapiga tembo na simba kwa rangi nyeusi na nyeupe bila lenzi ndefu za masafa. Alitaka awe karibu, kwa sababu alitaka sura ya mnyama kama tunavyopiga sura ya mtu. Ukaribu wenyewe si dhambi. Na mtu huyohuyo mwaka 2010 alianzisha na Richard Bonham shirika la Big Life kulinda wanyama wa eneo hilo.

DEREVA: Sikatai. Tembo wa Amboseli wanafuatiliwa na Cynthia Moss na wenzake tangu mwaka 1972, wamezaliwa wakiyaona magari. Tembo akikufuata mwenyewe, akala nyasi pembeni ya tairi, masikio yanapepea polepole kupoza mwili, mpige picha mpaka kadi ijae. Akisimama kukukabili, kichwa juu, masikio yametanuliwa kama mabawa, ujumbe umebadilika. Sisemi tupime mita. Nasema mkosoaji ajue kusoma mwili wa mnyama, la sivyo atasifia hofu akidhani ni ushujaa.

MHARIRI: Hapo kaka amegusa kazi yangu.

Ukweli wa picha

MHARIRI: Ninaletewa picha za "simba akinguruma" kila wiki. Nyingi si za kunguruma. Dume amemaliza kunusa mkojo wa jike, ameinua mdomo wa juu, meno yako nje, pua imekunjana, macho yamesinzia. Yuko kimya kabisa, anaichambua harufu ile ili ajue kama jike yuko tayari kupandwa. Nyingine ni simba anayepiga miayo, usingizi umemwelemea. Naletewa sokwemtu "anayetabasamu", na kumbe ameonyesha meno kwa woga. Mpiga picha hakudanganya kwa makusudi, ila maelezo yake yanamdanganya msomaji. Kwa hiyo katika uhakiki wangu swali la pili, mara baada ya "ulitaka tuone nini", ni "mnyama alikuwa anafanya nini?" Mtu akishindwa kulijibu, namwambia aende akamuulize muongozaji aliyempeleka. Jibu liko kwa waongozaji, ila majina yao hayatajwi.

DEREVA: Ahsante, dada. Hilo tumelingoja muda mrefu.

MHARIRI: Na swali la tatu ni "ulimpataje?" Mzee, wewe huliheshimu swali hilo, lakini tazama yaliyolipata shindano mashuhuri la picha za wanyamapori, lile linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Picha iliyoshinda mwaka 2009 ilionyesha mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango usiku, nchini Hispania. Mwanga safi, mpangilio safi, mnyama yuko katikati ya mruko. Ndani ya fremu hapakuwa na cha kukosoa. Wapiga picha wengine wakahoji, na Januari 2010 ushindi ukafutwa, kwa kuwa waamuzi waliona yaelekea mnyama yule alikuwa amefugwa na kufundishwa. Mwenyewe alikana. Ikaja picha ya mhanga wa Amerika Kusini akila mchwa kwenye kichuguu kilichomeremeta usiku, huko Brazili. Ilishinda kipengele chake mwaka 2017. Aprili 2018 ikaondolewa, baada ya wataalamu kulinganisha manyoya na alama za mwilini na kuhitimisha kuwa yaelekea ni mnyama aliyekaushwa, wa maonyesho. Huyu naye alikana. Picha zote mbili zilipita kwa majaji waliobobea katika mwanga na fokasi.

MKONGWE: Kwa hiyo kila anayeleta picha nzuri ni mshukiwa?

MHARIRI: La hasha. Swali haliwi tuhuma likiulizwa kila mtu kwa upole uleule. Sina ugomvi na picha ya mnyama wa bustani, mradi iandikwe kuwa ni ya bustani. Sina ugomvi na kurekebisha mwanga. Anayemfuta mnyama mmoja ili wengine wapangike vizuri, au anayerusha chambo ili ndege wa mawindo ajipange mbele ya lenzi halafu akaandika "asilia", huyo ndiye ninayemkatalia. Na yule anayepiga picha ya faru namuuliza kama ameondoa taarifa za mahali kwenye faili kabla ya kuisambaza, kwa sababu majangili nao wanasoma.

MKONGWE: Nakubali. Lakini niongeze jambo ambalo mnalipita. Ipo hatari mkosoaji akawa mlinzi wa maadili tu, akasahau kazi. Mwaka 2014 Michael Nichols alishinda shindano hilohilo kwa picha ya simba jike na watoto wao wamejilaza juu ya mwamba, Serengeti. Ni kundi linaloitwa Vumbi, na aliishi nalo miezi mingi mpaka likamzoea. Sawa, alikuwa na subira, aliwaheshimu. Lakini angekuwa na subira hiyohiyo bila kujua mwanga wa kuchagua, bila kuamua kupiga kwa infraredi ili mawingu na miili ya simba viwe na uzito mmoja, tusingemtaja leo. Wema peke yake haupigi picha.

DEREVA: Hapo mzee umesema kweli, na mimi nisingeweza kumfundisha binti jambo hilo. Kila mmoja wetu ana kipande chake.

Mwenye picha anazungumza

CHIPUKIZI: Naomba niseme. Mmezungumza vizuri, wazee wangu, lakini hesabuni mliyonitwisha: kasi, mfuko wa maharage, saa, pembe, masikio, magari, maelezo, ukweli. Nikienda porini na orodha hiyo kichwani, sitabonyeza kabisa. Na jambo jingine: niliwahi kukosolewa nikaambiwa ninunue lenzi ya milimita 600. Bei yake ni ya kiwanja. Sikujifunza chochote, nilijua tu kwamba mimi ni maskini.

MHARIRI: Pole, mdogo wangu. Ushauri usiotendeka hauna faida kwa anayeupokea, hata ukiwa wa kweli.

MKONGWE: Lenzi ya 300 ni lenzi ya mazingira, ukiikubali. Usimlazimishe mnyama ajaze fremu. Mwache awe mdogo, dunia yake iwe kubwa: tembo wanne chini ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na uwazi katikati. Twiga wa Hifadhi ya Nairobi, maghorofa nyuma yake. Hizo ni picha ambazo mgeni wa wiki moja hazipati kirahisi, kwa sababu zinataka urudi tena na tena hadi mawingu yafunguke. Wewe unaishi hapa. Huo ndio utajiri wako.

DEREVA: Na usingoje safari ndipo ujifunze. Mbuzi wa jirani anakufundisha pembe kuliko simba. Lala kifudifudi mpaka lenzi ilingane na macho yake, utaona mandhari ya nyuma inavyokwenda mbali na kulainika. Kunguru anayetua ukutani anakufundisha kasi. Porini dirisha la gari liko chini zaidi kuliko paa, kwa hiyo shuka kitini.

CHIPUKIZI: Nipeni moja tu. Nikirudi Seronera, nifanye lipi?

MKONGWE: Nilitaka kusema kasi ya shata. Lakini kaka amenigeuza nusu. Mwambie dereva wako asimamishe gari mbali, upande ambao jua liko nyuma yenu, azime injini, halafu mngoje. Ukifanya hilo, makosa matatu kati ya matano yatajiondoa yenyewe, na kasi tutaizungumza mara ya pili.

MHARIRI: Mimi nina lingine kuhusu lile doa jeupe. Mzee amesema likatwe. Je, lingeachwa na kupanuliwa? Magari kumi yakiwa nusu duara, duma katikati na watoto wake: hiyo ni habari. Julai 2025 zilisambaa video za kaskazini mwa Serengeti zikionyesha watalii walioshuka magarini wakajazana ukingoni mwa Mto Mara, na nyumbu wanakosa njia ya kuvukia. Watu walikasirika kwa sababu video zile ziliwaonyesha watu pamoja na wanyama. Picha hizohizo zingepigwa kwa lenzi ndefu, zingekuwa nyumbu wazuri tu majini. Mshindi wa shindano la London la mwaka 2017 alikuwa Brent Stirton, kwa picha ya faru mweusi aliyeuawa na kukatwa pembe, Afrika Kusini. Mnyama analindwa pia na picha inayouma.

MKONGWE: Hapo sitabishana, ila kwa sharti: gari liingie lote au litoke lote. Kipande cha kioo kwenye kona si ushahidi wala si uzuri. Mpiga picha aamue.

DEREVA: Na mimi nabaki na langu. Hata picha ya ushahidi isipigwe na gari la kumi na moja.

Msimamo wangu

Mkongwe na Dereva hawakumaliza ubishi wao, na sioni haja ya kuwapatanisha kwa nguvu. Kuna picha chache ambazo ufundi wake na namna zilivyopatikana vitaendelea kuvutana. Lakini nimesimama na Dereva kwa hoja moja ambayo Mkongwe hakuivunja: kasoro nyingi za picha ya mnyama huzaliwa pale gari liliposimama, kabla kamera haijainuliwa. Pembe mbaya, mandhari ya nyuma iliyovurugika, mnyama anayekukodolea macho, viungo vilivyokatwa, mtikisiko: mara nyingi vyote ni watoto wa haraka na ukaribu. Ndiyo maana sikubali kwamba maadili yawe semina moja na ufundi semina nyingine. Anayejifunza kusimama mahali pema anapata duma aliyetulia na picha iliyotulia kwa uamuzi mmoja.

Kutokana na hilo, kazi ya mkosoaji ni kuanzia kwenye fremu na kurudi nyuma hadi penye uamuzi ule. Aulize mpiga picha alikusudia nini, mnyama alikuwa anafanya nini, na picha ilipatikanaje. Ataje kilichofaulu kwa jina lake, kama Mkongwe alivyovitaja vile vichwa vitatu, maana sifa isiyotajwa jina haiwezi kurudiwa. Atenganishe makosa ya mezani na ya porini. Mwisho achague jambo moja ambalo mwenye picha anaweza kulifanya kwa kamera aliyo nayo, safari ijayo, bila kununua kitu.

Uhakiki wa namna hii unachukua muda, na ndiyo sababu watu hukimbilia "kali sana". Nawasihi wakongwe wetu wasikimbie. Wageni wamepiga picha za mbuga zetu tangu enzi za ukoloni, na majina yao tunayajua kwa ufundi wao. Vijana wanaozaliwa kando ya mbuga hizo wanazijua njia za wanyama, misimu na lugha ya masikio kuliko mgeni yeyote. Wanachokosa ni mtu wa kukaa nao juu ya picha moja kwa saa nzima, akawaambia ukweli wote kwa heshima. Mwenye ujuzi huo akiukalia, anawanyima vijana, na duma naye anaendelea kuzungukwa na magari kumi yanayoendeshwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia wasimame wapi.